Vipimo vya kambini au vya bima? Anachopaswa kujua mwananchi kabla ya kutoa pesa zake

Jumamosi asubuhi mahema meupe husimamishwa katika uwanja wa kanisa, wa shule ya msingi au kando ya soko, na kipaza sauti kikaanza kuwaita watu waje wapimwe bila malipo. Kufikia saa nne foleni huwa imeuzunguka ua. Mama muuza mboga humwachia jirani kibanda chake, mwendeshaji bodaboda huegesha pikipiki kivulini, na wazee waliotembea tangu alfajiri huketi kwenye viti vya plastiki wakingoja kupimwa shinikizo la damu.

Siku iyo hiyo, katika hospitali ya kibinafsi jijini, karani mwenye kadi ya bima aliyolipiwa na mwajiri huketi katika ukumbi wenye ubaridi akisubiri kutolewa damu kwa ajili ya kile kinachoitwa uchunguzi wa mwili mzima. Orodha ya vipimo vyake imejaza ukurasa.

Ni nani kati ya hao aliyepimwa vyema zaidi? Wengi watamtaja karani bila kusita. Hata hivyo, jibu si rahisi hivyo. Yapo magonjwa ambayo hema la kanisani laweza kuyagundua sawa na hospitali kubwa, na vipo vipimo vya gharama ambavyo havijathibitishwa kumwongezea mtu hata siku moja ya maisha. Thamani ya kipimo haiko katika bei yake bali katika kile kinachofuata baada ya majibu kutolewa.

Kanuni hiyo si ngeni. Mwaka wa 1968 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha andiko la J.M.G. Wilson wa Wizara ya Afya ya Uingereza na G. Jungner, mtaalamu wa maabara kutoka Uswidi, lililoweka masharti kumi ya kutimizwa kabla ya kuwapima watu ambao hawajihisi wagonjwa. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba ugonjwa uwe tatizo kubwa, uwe na kipindi kirefu ambapo haujajitokeza wazi, pawe na tiba inayokubalika, na vifaa vya kuthibitisha na kutibu viwepo. Zaidi ya nusu karne baadaye wataalamu wangali wanayarejelea. Kambi nyingi humu nchini, na vifurushi vingi vya hospitali za kifahari, vingeshindwa kuyatimiza.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kumpima mtu asiye na dalili yoyote ili kuona iwapo ugonjwa umejificha ni uchunguzi wa mapema. Kumpima mtu anayekohoa damu, aliyeota uvimbe kwenye titi au anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi ni kutafuta chanzo cha maradhi. Mtu wa aina hii ya pili hafai kungojea kambi. Anapaswa kwenda hospitalini mara moja, kwa maana kipimo cha hemani kikisema yu mzima kinaweza kumtuliza akapoteza miezi ambayo hatairejesha. Tofauti hii pia ndiyo inayoamua, mara nyingi, iwapo kampuni ya bima italipa au itakataa.

Katika vipimo vyote vya bei nafuu, hakuna kinachoushinda ukanda wa kupimia shinikizo la damu. Ugonjwa huu hauumi. Huharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya kwa miaka mingi, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni kiharusi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu, ilhali asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa upande wa sukari, waliokuwa hawajawahi kupimwa walikuwa asilimia 88.

Ndipo Septemba 2023 serikali ikazindua mpango wa kuwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nyumba kwa nyumba. Mikoba yao ilikuwa na mashine ya kupimia shinikizo la damu na kifaa cha kupimia sukari, miongoni mwa vitu vingine. Kwa mwanakijiji aishiye kilomita nyingi kutoka hospitali, kubishiwa hodi na mhamasishaji mwenye mashine inayofanya kazi kuna faida kuliko kifurushi chochote cha jijini.

Lakini hata kipimo hiki rahisi kina adabu zake. Anayepimwa anatakiwa awe ameketi na kutulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kukimbilia foleni. Ukanda usifungwe juu ya nguo, na usiwe mdogo kwa mkono mnene, la sivyo utaonyesha shinikizo lisilokuwapo. Katika kambi zenye watu mia tatu na wauguzi wawili, masharti haya husahaulika. Kwa sababu hiyo, nambari ya 140 kwa 90 au zaidi iliyosomwa mara moja hemani haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Inamdai arudi kupimwa siku nyingine katika zahanati. Ni pale tu inapokuwa juu mno, yapata 180 kwa 120, hasa ikiandamana na maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa au kuona kiwi, ndipo hospitali haingoji kesho.

Sukari nayo hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Aliyekunywa chai ya maziwa na mandazi saa moja iliyopita atakuwa na sukari tofauti na aliyelala bila kula. Kipimo cha wakati wowote kikifika milimoli 11.1 kwa lita, na kiu pamoja na kukojoa mara kwa mara vipo, shaka ni kubwa. Asiye na dalili hupimwa tena asubuhi kabla ya kula, ambapo 7.0 na zaidi ndicho kiwango cha kisukari, na huthibitishwa kwa kurudiwa.

Uwanja ambao hoja ya bei nafuu ina nguvu zaidi ni ule wa saratani ya mlango wa kizazi. Maradhi haya huwaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka, wengi wao wakiwa bado wanalea. Husababishwa na virusi vya HPV vinavyoenea kwa kujamiiana, na huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya chembe zilizobadilika kugeuka saratani. Kipindi hicho kirefu ndicho kinachotoa nafasi ya kuokoa maisha.

Kipimo rahisi kuliko vyote hutumia asidi ya siki. Muuguzi hupaka siki yenye nguvu ya asilimia tatu hadi tano kwenye mlango wa kizazi, hungoja dakika moja, kisha hutazama kwa macho. Sehemu yenye chembe zenye hitilafu hugeuka nyeupe. Hakuna maabara inayohitajika wala majibu ya kungojwa wiki tatu, na palipo na kifaa cha kuchoma kwa joto au kugandisha kwa baridi, mama anayefaa kutibiwa kwa njia hiyo hutibiwa siku iyo hiyo.

Je, siki kweli huokoa maisha? Jijini Mumbai, India, watafiti wa hospitali ya Tata Memorial waliwafuata wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda kwa miaka 12. Waliopimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo wala si madaktari, walipata vifo vya saratani hiyo pungufu kwa asilimia 31 kuliko wale ambao hawakupimwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2013.

Huo ndio upande mmoja. Katika wilaya ya Osmanabad, India hiyo hiyo, utafiti mwingine wa wanawake zaidi ya 130,000 uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba kipimo kimoja tu cha virusi vya HPV kilipunguza vifo kwa takriban nusu, ilhali siki iliyotumiwa mara moja haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Jicho la muuguzi huchoka, taa huwa hafifu, na mwingine huona weupe ambapo mwenzake haoni. Ndiyo maana tangu mwaka wa 2021 WHO imependekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 30, na kurudiwa kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Kwa wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi, uchunguzi huanza wakiwa na miaka 25 na hurudiwa kila miaka mitatu hadi mitano. Jambo lililowafurahisha kina mama wengi ni kwamba sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe, faraghani.

Siki basi inabaki kuwa msaada wa kweli mahali ambapo HPV haijafika, mradi irudiwe. Utafiti wa 2015 uliotajwa hapo juu ulibaini kuwa ni takriban asilimia 16 tu ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 30 na 49 waliokuwa wamewahi kuchunguzwa saratani hii. Lengo lililowekwa na WHO mwaka wa 2020 ni asilimia 70 kufikia mwaka wa 2030. Pengo hilo halitazibwa na hospitali za kibinafsi.

Kuhusu saratani ya matiti, picha ya mamogramu ni ya gharama na mashine zake zimejaa mijini. Huko Mumbai, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa kukaguliwa matiti kwa mikono ya mhudumu aliyefunzwa, kila miaka miwili, kulifanya uvimbe ugunduliwe ukiwa katika hatua za awali. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Ikiwa hali ni hiyo, bima ni ya nini?

Bima inahitajika pale majibu yanapokuwa mabaya. Mama muuza mboga akiambiwa hemani kwamba ana doa linalotia shaka, bado atahitaji daktari bingwa, kipande cha nyama kikatwe na kupelekwa maabara, pengine picha, upasuaji na tiba ya mionzi. Hema hung'olewa jioni. Asipokuwa na njia ya kugharamia hayo, kipimo kitakuwa kimempa hofu bila tiba, na masharti ya Wilson na Jungner yatakuwa yamevunjwa mbele ya macho ya waandalizi wenye nia njema.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Oktoba 1, 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Chini ya mpango huo mpya mwenye mshahara alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na asiye na ajira rasmi akatakiwa kulipa kulingana na mapato ya jamaa yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi.

Jambo ambalo wengi hawajalielewa ni kwamba SHA ina hazina tatu. Hazina ya Afya ya Msingi hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, na hugharamiwa na serikali, si kwa michango. Kinachohitajika ni kujisajili. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, inayotegemea michango, ndiyo ya hospitali kubwa. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Mpango ulipoanza, tiba ya saratani ilipangiwa Sh400,000 kwa mwaka kwa kila jamaa kutoka hazina ya pili, na Sh150,000 za ziada kutoka ya tatu ikiwa za kwanza zimekwisha. Kwa hivyo aliyejisajili bila kuchanga anaweza kupimwa shinikizo na sukari zahanatini, lakini akihitaji upasuaji katika hospitali ya rufaa atakuta mlango umefungwa hadi alipe. Wengi huligundua hilo wakiwa kitandani, jambo linaloumiza kwa sababu mchango wa chini wa mwaka mzima ulikuwa Sh3,600.

Bima za kibinafsi zina masharti yake. Nyingi hulipia vipimo vilivyoagizwa na daktari kwa sababu ya dalili, na hukataa vile ambavyo mteja amejiendea tu. Baadhi hutenga uchunguzi mmoja kwa mwaka, tena kwa mwenye kadi na mwenzi wake pekee. Vipimo pia humega kiasi kilichotengewa matibabu ya wagonjwa wasiolazwa, hivyo aliyekimaliza Februari kwa kujipima kila kitu huenda akalipa mfukoni mtoto akiugua Oktoba. Yafaa mtu auombe mkataba wenyewe na kuusoma, badala ya kutegemea maneno ya wakala.

Lipo pia suala la kutangaza hali ya afya. Anayeomba bima ya kibinafsi huulizwa iwapo ana ugonjwa anaoujua. Aliyeambiwa kambini kwamba ana kisukari anatakiwa kusema, na kampuni inaweza kumwekea muda wa kungojea au kumtoza zaidi. Akificha, dai lake linaweza kukataliwa wakati anapolihitaji zaidi. Wapo wanaokwepa kupimwa kwa hofu hiyo, lakini sukari haingoji karatasi zitiwe sahihi.

Kwa upande mwingine, bima ikiwa nono huleta balaa la vipimo vya ziada. Hospitali hulipwa kwa kila kipimo, mgonjwa haoni gharama, na hakuna aliye na sababu ya kusema basi. Hesabu ndogo yatosha kueleza hatari yake. Vipimo vingi vya damu huwekewa mipaka ya kawaida inayowajumuisha watu 95 kati ya 100 walio wazima. Mtu mzima kabisa akifanyiwa vipimo 20 vya aina hiyo visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mipaka ni takriban asilimia 64. Hapo huanza safari ya picha, kurudiwa kwa damu na usiku usio na usingizi, kumbe hakuna ugonjwa.

Yaliyotokea Korea Kusini yanastahili kukumbukwa. Mwaka wa 1999 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuchunguza saratani. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni haikuwa kwenye orodha, lakini hospitali zikawauzia watu picha ya ultrasaundi ya shingo kwa nyongeza ya dola 30 hadi 50. Kufikia mwaka wa 2011 saratani hiyo ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi ya ilivyokuwa mwaka wa 1993, zaidi ya wagonjwa 40,000 kwa mwaka mmoja. Vifo havikupungua. Uvimbe mdogo ambao haungemdhuru mtu maishani ulikuwa umetafutwa na kupatikana. Karibu wote walipasuliwa, wengi wakabaki na dawa za kumeza maisha yao yote, na baadhi sauti zao zikaharibika. Madaktari walipopaza sauti mwaka wa 2014, oparesheni hizo zilipungua kwa takriban thuluthi moja katika muda mfupi.

Si kila kipimo cha bei nafuu, basi, kilicho cha heri. Kipimo cha PSA kwa wanaume, cha kuchunguza saratani ya tezi kibofu, ni mfano wa karibu zaidi, maana hutolewa katika kambi nyingi kama zawadi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuata wanaume 162,000 kwa miaka 23, na kuchapishwa mwaka wa 2025, ulipata kwamba kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 456 walioitwa kupimwa. Faida ipo, ila ni ndogo, na kuna wanaotibiwa bila haja wakapata matatizo ya mkojo na ya unyumba. Mwanaume anapaswa kuelezwa hayo kabla ya sindano. Kuhusu saratani ya mfuko wa mayai, jaribio la Uingereza lililowahusisha wanawake zaidi ya 200,000 lilimalizika mwaka wa 2021 likionyesha kuwa kuwapima damu na picha wasio na dalili hakukupunguza vifo. Ila bado kipimo hicho cha damu huonekana katika vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima.

Na wapo matapeli. Katika baadhi ya mahema mtu hushikishwa kifimbo kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika moja kurasa hutoka zikitaja hali ya ini, figo, mifupa na hata vitamini zake. Hakuna tone la damu lililotolewa. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kifaa hicho hupima chochote kati ya hayo. Meza inayofuata huwa ni ya kuuza dawa za lishe kwa maelfu ya shilingi. Palipo na vipimo vya bure na dawa za kununuliwa hapo hapo, mwenye hekima huuliza jina na nambari ya leseni ya anayempima, na zahanati atakayotumwa akipatikana na tatizo. Asipojibiwa, aondoke.

Asiye na uwezo mkubwa anaweza kuanza na machache: shinikizo la damu kila mwaka kwa mtu mzima, sukari kwa aliyetimiza miaka 40 au aliyenenepa kupita kiasi au mwenye mzazi mgonjwa, virusi vya Ukimwi, na mlango wa kizazi kwa mwanamke kuanzia miaka 30. Yote haya zahanati au kituo cha afya chenye vifaa kinaweza kuyafanya kwa gharama ndogo au bila malipo. Karani mwenye kadi naye hufaidika zaidi akimpelekea daktari wake historia ya jamaa yake, wamechague vipimo pamoja, kuliko kutia alama kwenye kila kisanduku kwa sababu bima inalipa.

Majibu yenyewe ni mali ya aliyepimwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa nyeti, hivyo waandalizi wa kambi hawana ruhusa ya kuyabandika ukutani wala kuyapa kampuni nyingine bila idhini. Aliyepimwa adai karatasi iliyoandikwa tarehe, kipimo, nambari iliyopatikana na jina la aliyempima, aiweke pamoja na kitambulisho chake, na kuibeba kila aendapo kliniki. Daktari akiona shinikizo la miaka mitatu mfululizo ataweza kuamua kwa dakika chache mambo ambayo kipimo kipya cha maelfu ya shilingi kisingemwambia.